Upepo wa bafuni ulivyomponza dada wa kazi

Wiki hii sina kisa cha mapenzi, wala cha mshikaji aliyeazima suti ya harusi akaingia nayo mitini. Wiki hii nawapeleka bafuni. Usicheke! Nenda kwanza kalitazame lile tundu la sakafuni, pale maji ya kuoga yanapoishia. Mimi nilikuwa nalijua kwa miguu tu, kama mahali pa kukusanyikia povu na nywele. Nikaishi hivyo miaka na miaka, hadi lilipotaka kunivurugia nyumba. Na kabla ya hapo likamfukuzisha kazi binti wa watu asiye na kosa.

Kasheshe lenyewe lilianza mwishoni mwa mwaka 2021. Watu wa Dar mnakumbuka: Mto Ruvu ulipungua maji, mvua zikagoma, jiji likaingia kwenye mgao. Sisi wa Tabata tukarudi enzi za madumu. Mtu mzima unaamka saa tisa za usiku kusikiliza kama bomba limekohoa. Bei ya dumu ikawa inategemea muuzaji ameamkaje siku hiyo.

Nyumba tunayopanga ina mabafu mawili, moja la chumbani kwetu, jingine la koridoni kwa ajili ya watoto na wageni. Waifu, ambaye kwa hesabu za ndani hana mpinzani, akatoa amri: bafu la koridoni lifungwe, wote tuogee la chumbani, na dada asimwage tena maji kule. Apige deki kwa kitambaa chenye unyevu, basi! Dada akatii. Binti wa Korogwe, miaka ishirini na kidogo, mchapakazi, kosa lake kubwa lilikuwa kuimba kwaya saa kumi na moja alfajiri.

Maji yakarudi, amri haikufutwa. Nani anakumbuka kufuta amri? Bafu likageuka stoo: ndoo, mabegi ya safari, baiskeli ya mtoto iliyokatika pedeli.

Mwaka mpya ulipoingia, harufu nayo ikaingia. Ilianza kama mzaha. Usiku, hasa upepo ukivuma, unapita koridoni unakutana na kitu kama yai viza lililofungwa ndani ya nguo mbichi. Asubuhi huisikii. Ukimwita mtu anuse, haipo. Ukienda kulala, hiyo inabisha hodi. Na mende wakaongezeka. Siyo wale wadogo wa jikoni, la! Ni yale majitu mekundu yenye mabawa, ambayo ukikutana nayo usiku wewe ndiye unayeyapisha.

Sasa, katika nyumba zetu hizi harufu ikitokea mshtakiwa anajulikana kabla ya kesi. "Hasafishi huyo," waifu akasema. Mimi, baba mwenye nyumba nisiyejua hata fagio linakaa wapi, nikaunga mkono hoja. Dada akaitwa sebuleni. Akasimama, mikono nyuma, akasema, "Baba, mimi nasafisha kila siku. Ila lile tundu linapumua. Usiku nikipita pale napigwa na upepo miguuni."

Tundu linapumua! Tulicheka sisi, acha tu. Waifu akamuuliza kama lina mapafu. Dada akatabasamu kwa aibu, akarudi jikoni kwake.

Tiba zikaanza. Tukachoma udi nyumba nzima hadi majirani wakauliza kuna mwali gani. Tukatupia vile vidonge vyeupe vya kabatini, tukapata harufu mbili badala ya moja. Siku moja nikamimina blichi tunduni na juu yake dawa kali ya kusafishia choo, ile yenye asidi. Kilichotoka pale kiliniwasha macho na kifua, nikakimbilia nje nakohoa kama mvutaji wa miaka arobaini. Baadaye ndiyo nikaelewa kuwa vitu hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klorini, ambayo inaweza kuua mtu ndani ya bafu dogo. Usijaribu hata kidogo!

Nikaona sasa nitumie akili ya kisasa. Nikanunua feni ya kunyonya hewa, ile ndogo ya ukutani, fundi umeme akatoboa ukuta, akafunga. Nikafunga dirisha ili feni ifanye kazi vizuri (akili hiyo!), nikabonyeza swichi, nikakaa kusubiri sifa.

Bwana wee! Harufu ikaongezeka. Kile kilichokuwa kinakuja usiku kwa kunyatia sasa kikawa kinakuja mchana kweupe.

Hapo ndipo mama mkwe akaja kututembelea. Alikaa siku mbili bila kusema neno. Ya tatu, akiwa koridoni na khanga puani, akamwita binti yake: "Mwanangu, humu ndani hakuna kitu kilichofia?" Mnajua wenyewe neno kama hilo likitoka kwa mama mzazi lina uzito gani. Waifu alilia usiku ule. Keshokutwa yake dada akapewa nauli ya kwenda Korogwe na nusu ya mshahara. Nusu nyingine tukasema "itafuata". Nilimpeleka stendi mimi mwenyewe. Njia nzima hakulalamika, akaniuliza tu nani atampeleka mtoto shule kesho.

Wiki ikapita. Nyumba tunasafisha wenyewe, harufu iko pale pale. Na sasa hapakuwa na mtu wa kumsingizia. Mimi na waifu tukaanza kutazamana.

Jumamosi moja nikachukua kijiti cha udi, nikakiwasha, nikakichomeka pembeni ya kichujio cha lile tundu ili nishindane na harufu kwenye shina lake. Feni inanguruma. Moshi wa udi kwa kawaida unapanda, si ndiyo? Huu ulikuwa unasukumwa. Unatoka pale tunduni unalala upande, kama mtu anaupuliza kwa mdomo. Nikapiga goti, nikaweka kiganja juu ya kichujio. Hewa! Ina unyevu, ina nguvu kidogo, inakuja inakatika, inakuja inakatika. Tundu linapumua.

Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikabaki nimeinamisha kichwa kwa muda.

Fundi bomba aliyekuja ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye tochi ya kichwani na maneno machache. Hakuuliza habari ya harufu. Aliuliza, "Bosi, humu mnaoga?"

"Hapana fundi, tumelifunga."

"Tangu lini?"

"Tangu mgao."

Akang'oa kichujio, akamulika, akacheka kwa pua. "Pamekauka humu, kama koo la mfungaji saa kumi jioni. Nipe jagi la maji." Mimi nikadhani ana kiu, nikaleta na glasi. Akachukua jagi, akalimimina lote tunduni taratibu. Akasikiliza. Akaomba la pili, akamimina. "Basi," akasema. "Washa ule udi wako."

Nikawasha. Moshi ukapanda wima kama mlingoti, feni ikiwa inanguruma vile vile. Shilingi 15,000 alizonidai nililipa bila kubishana.

Mzee yule alinipa somo ambalo sikulipata shuleni. Kila tundu la maji machafu ndani ya nyumba, la bafuni, la sinki, la kunawia mikono, ni mdomo wa bomba linalokwenda hadi chemba, na kutoka chemba hadi kwenye karo au bomba kubwa la jiji. Kama hapo katikati hakuna kitu, wewe na karo mnavuta hewa moja. Kizuizi chake ni kitu rahisi mno: maji. Bomba chini ya tundu limekunjwa kama herufi U, na kila ukioga maji kidogo yanabaki kwenye mkunjo huo. Kina chake ni kama sentimita 5 tu. Maji mapya yakija yanapita, lakini hewa ya upande wa pili haina njia. Mafundi wanauita mkunjo huo trapu.

Wazo hili ni la kale. Mwaka 1775 fundi saa mmoja Mskochi, Alexander Cumming, alipata hataza kule London kwa choo chake cha kuvuta chenye bomba lililokunjwa kama herufi S ili maji yabaki na kuziba harufu. Yaani huo ulinzi umo kwenye nyumba zetu kwa zaidi ya karne mbili, na sisi tunaukausha kwa kupiga deki.

Maana maji yale yanakauka, hasa kwa joto letu hili. Bafu lisilotumika wiki kadhaa, mkunjo unabaki mtupu, mlango umefunguka. Usiku nje pakipoa, hewa ya karoni yenye joto inapanda. Upepo ukivuma kwenye chemba na mabomba ya juu, nao unaisukuma. Na feni yangu je? Feni ya kunyonya inatoa hewa nje, kwa hiyo lazima hewa nyingine iingie kuziba pengo. Mimi nimefunga mlango na dirisha, itaingilia wapi? Tunduni! Nilinunua mashine ya kuvuta karo ndani ya nyumba.

Yai viza tulilokuwa tunanusa ni gesi inayoitwa haidrojeni salfaidi. Kwa kiasi kidogo cha nyumbani inaleta kichwa kuuma na kichefuchefu, na kwa kweli waifu alikuwa analalamika kichwa kila asubuhi. Ikiwa nyingi, kama ndani ya karo lenyewe, inaua pua kwanza, husikii tena harufu, halafu inakuua wewe. Ndiyo maana wanaoshuka ndani ya karo kumwokoa mwenzao hufia humo pamoja naye. Karoni kuna na gesi ya methani, haina harufu, inashika moto. Ukifungua chemba usichungulie na kiberiti, na karoni usishuke.

Kama bado unaona haya ni mambo ya wenye pua laini, sikiliza ya Hong Kong. Machi 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, kwenye maghorofa ya Amoy Gardens, eneo la Kowloon, watu zaidi ya 300 waliugua kwa muda mfupi, jengo moja likiwa na wagonjwa wengi kuliko mengine. Wanakaa ghorofa tofauti, hawajuani, hawapeani mikono. Serikali ya kule ilipochunguza ikafika bafuni. Mgonjwa mmoja mwenye kuhara alikuwa ametumia choo cha jengo lile. Na wakazi wengi walikuwa wanapiga deki bafuni kwa kitambaa badala ya kumwaga maji, trapu za sakafuni zimekauka. Wakiwasha feni ya bafuni na kufunga mlango, matone madogo yenye virusi yanavutwa kutoka kwenye bomba la pamoja hadi ndani. Niliposoma hayo nilimwonyesha waifu. Alisoma mara mbili. "Kitambaa chenye unyevu," akasema, akanirudishia.

Sasa wewe uliyepanga chumba selfu pale Sinza au Mbezi, unayesafiri mwezi mzima na kurudi ukidhani kuna panya kafa uvunguni, dawa yako inaanzia kwenye jagi. Kila tundu lisilotumika, jagi moja mbili kwa wiki. Ukisafiri muda mrefu, mimina maji kwanza, halafu vijiko viwili vya mafuta ya watoto, yale ya maji maji yanayong'aa. Mafuta yanaelea juu ya maji na kuyazuia yasikauke haraka. Ya kupikia nayo yanasaidia, ila yanaweza kuchacha. Bafu usilolihitaji kabisa, funika tundu. Mimi nilikata duara kwenye soli ya kandambili kuukuu, nikaiwekea tofali juu, kazi imekwisha. Madukani kuna na vizibo vya mpira vyenye ulimi unaofunguka maji yakishuka na kujifunga yenyewe, bora tu uvisafishe, maana unywele mmoja ukinasa ulimi haufungi tena.

Mende wale wekundu nao walipungua wenyewe. Kumbe wanaishi chembani na kwenye mabomba ya maji machafu, na trapu kavu kwao ni ngazi.

Lakini kuna harufu ambazo jagi halizitibu, na hapa wenye nyumba nisameheni. Fundi alipochungulia chini ya sinki letu la jikoni alikuta mpira wa mkunjo umenyooshwa moja kwa moja hadi kwenye bomba, hakuna trapu hata ya dawa. Aliyetangulia kuishi pale sinki liliziba, akang'oa kile kikombe cha chini, akachomeka mpira, akahama. Mzee akaukunja mpira ule uwe U, akaufunga kwa waya ubaki hivyo, na pale ulipoingia kwenye bomba akaziba uwazi kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Uwazi ule ni wa kidole kimoja, lakini hewa haihitaji lango kubwa.

Na ukisikia choo kikivutwa halafu tundu la bafuni linafanya gluu-gluu, hiyo ni kesi nyingine. Maji yanayoporomoka kwa kasi yananyonya hewa, na yakikosa hewa ya kunyonya yanafyonza maji ya kwenye trapu yako. Nyumba inatakiwa kuwa na bomba la kupumulia, lile linalosimama hadi juu ya paa, ili hewa iingie na kutokea kule. Wapo wanaojenga bila hilo ili kubana bajeti. Wapo wanaoliweka halafu ndege anajenga kiota. Wapo wanaoliacha wazi bila wavu, ndipo mbu wa karoni wanapotokea, wale wapiga kelele masikioni. Ndugu zetu wa Makunduchi, Unguja, wanawajua vizuri, kwa sababu ndio waliokuwa wanaeneza matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule vilimwagwa vijipira vya polistairini kwenye vyoo vya shimo vyenye maji na kwenye makaro, vikaelea na kufunika maji yote, mbu wakakosa pa kuzalia. Bomba la kupumulia ni la mwenye nyumba. Usilitengeneze kwa hela yako kimya kimya, mwambie kwa maandishi, akatwe kwenye kodi.

Baada ya fundi kuondoka, waifu alikaa na simu mkononi jioni nzima. Mwisho akanipa mimi. "Piga wewe, ndiye uliyempeleka stendi."

Nikapiga. Dada akapokea, nyuma yake kelele za gengeni. Alikuwa anamsaidia shangazi yake kuuza chakula. Tukasalimiana, akamuulizia mtoto, akamuulizia mama. Nikawa nazunguka mbuyu.

"Dada, lile tundu..."

"Limeacha kupumua, baba?"

"Limeacha."

"Mlilifanyaje?"

"Tulilimwagia maji."

Kimya. Nikadhani salio limekwisha. "Maji kiasi gani?"

"Majagi mawili."

Akacheka. Alicheka hadi nikasikia shangazi yake anamuuliza kuna nini. Safari hii ilikuwa zamu yake, nikamwacha acheke. Nikamwomba radhi, na waifu akachukua simu akamwomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo tangu nimemwoa nimelishuhudia mara chache. Akasema amesamehe. Kurudi akasema hapana, pale gengeni anapata chake kila siku na halali chini ya mtu.

Ile nusu ya mshahara ilikwenda kwa simu usiku ule ule, na mwezi mzima juu yake. Bafu la koridoni limefunguliwa, mabegi yamerudi chumbani, feni ipo lakini dirisha halifungwi. Jagi la Jumapili ni la kwangu. Nikipitiwa, waifu hasemi umesahau, ananiuliza tu kama tundu limeanza kupumua.

Tukutane wiki ijayo.